Sola ya Kukunja na Adui Maji

Mkulima wa Bariadi anaijua kazi ya kiwanda cha kuchambua pamba: pamba mbegu inaingia, nyuzi zinatokea upande huu, mbegu upande ule. Seli ya sola nayo ni mchambuaji. Mwanga ukiipiga, elektroni hung'oka na kuacha pengo nyuma yake. Elektroni sharti ichotwe upande mmoja na pengo upande wa pili kabla havijarudiana, maana vikirudiana umeme umepotea.

Paneli tunazoziona juu ya mabati ya Maswa na Itilima nyingi ni za silikoni. Hiyo huyeyuka kwenye joto la nyuzi zaidi ya 1,400, na vipande vyake huvunjika kama kigae, ndiyo maana hufunikwa kwa kioo. Paneli kubwa hufikia kilo 20 na zaidi. Paa la nyasi na fito haliwezi kubeba mzigo huo kwa usalama, na hapo ndipo sola nyepesi ya kukunja, ya perovskaiti, inaponivutia.

Jina hilo ni la madini yaliyoelezwa na Gustav Rose mwaka 1839, yakitoka milima ya Ural nchini Urusi. Hupatikana pia katika kimbalaiti, jamii ya mwamba unaobeba almasi pale Mwadui, kwa jirani zetu wa Shinyanga. Lakini malighafi ya sola hii haichimbwi humo. Wataalamu wameazima mpangilio wa fuwele tu, wakaujenga upya kwa risasi, iodini na chumvi nyingine. Mwaka 2009 Tsutomu Miyasaka na wenzake huko Japani walipata ufanisi wa asilimia 3.8. Leo seli ndogo za maabara zimepita asilimia 26.

Utamu wake ni kwamba haihitaji tanuri kali. Viambato huyeyushwa kuwa kimiminika, hupakwa juu ya plastiki na kukaushwa kwa joto la nyuzi 100 hivi, na fuwele hujipanga zenyewe. Tabaka linalobaki lina unene wa nanomita 500 hivi, na milimita moja ina nanomita milioni 1. Upande mmoja wa tabaka hilo huwekwa chembe ndogo mno za oksaidi ya bati, zinazochota elektroni. Upande wa pili hupakwa tabaka la kuchota mapengo. Hao ndio wachambuaji wetu.

Kigumu ni kipitishi cha mbele, ambacho lazima kipitishe mwanga na umeme kwa pamoja. Kinachotumika sana, oksaidi ya indiamu na bati, hupasuka plastiki ikikunjwa mara nyingi. Kwa hiyo baadhi ya watafiti hutandaza nyuzi za fedha, nyembamba mara mamia kuliko unywele. Fikiria nyavu za wavuvi wa Busega: hukunjwa kila siku bila kukatika, na matundu yake yako wazi. Mwanga hupita kwenye matundu, umeme hupita kwenye nyuzi. Ila iodini huila fedha taratibu, hivyo lazima vitenganishwe kwa tabaka la kinga. Katika kipitishi cha nyuma wengine hutumia kaboni, nami naona wana hoja, kwa kuwa kaboni haidhuriwi na iodini na bei yake ni nafuu.

Adui mkubwa ni maji. Unyevu ukipenya, tabaka jeusi hugeuka njano: limebaki iodidi ya risasi. Na plastiki, tofauti na kioo, hupitisha mvuke. Risasi iliyomo katika mita moja ya mraba haifiki gramu 1, lakini siwezi kuiita ndogo mahali ambapo maji ya paa hukingwa kwa kunywa na yanayobaki hutiririkia lambo la ng'ombe.

Paneli hupimwa kwa saa 1,000 katika joto la nyuzi 85 na unyevu wa asilimia 85. Kipimo kizuri, lakini chumba cha majaribio hakina vumbi la kiangazi wala bati linalowaka mchana na kupoa usiku. Ningependa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam au Taasisi ya Nelson Mandela ya Arusha wafunge vipande vya sola hii juu ya mapaa ya Bariadi kwa misimu miwili ya pamba. Umeme wake upimwe kila mwezi. Na kila mvua ikinyesha, yapimwe maji yanayochuruzika kutoka kwenye vipande hivyo, kuona yamebeba risasi kiasi gani.