Mseto wa Maharage na Mchele kwa Siku za Baridi

Kaeni vizuri, sogezeni redio karibu, na kila mwenye kitabu afungue ukurasa wa somo hili, apate kufuata kwa macho huku akisikiliza kwa masikio. Asiyeweza bado kusoma upesi asiwe na wasiwasi. Maneno mengi ya leo ni ya jikoni, nanyi mwayajua tangu utotoni.

Leo twazungumza juu ya chakula cha wakati wa baridi. Wenzetu wa Tanga na Dar es Salaam watacheka, maana kwao baridi ni shuka moja tu usiku. Lakini aliyekaa Njombe au Makete mwezi wa Juni na Julai ajua maana ya neno hilo. Mji wa Njombe uko karibu meta 1,900 juu ya bahari. Uwanda wa Kitulo uko juu zaidi, kupita meta 2,500, na huko asubuhi nyingine majani huonekana meupe kwa sakitu. Siku kama hizo mtu akitoka shamba hataki chakula chepesi. Ataka kitu cha moto, kizito, kitakachokaa tumboni hadi alfajiri.

Mwalimu, andika ubaoni neno la kwanza: m-se-to. Mseto ni chakula cha nafaka na kunde zilizopikwa pamoja katika chungu kimoja. Watu wa pwani hupika mseto wa mchele na choroko. Mkisikia watu wakisema "serikali ya mseto", au mganga akiwapa "dawa ya mseto" ya malaria, neno ni hilo hilo: vitu viwili au zaidi vilivyochanganywa vikafanya kazi moja. Sisi leo tutapika mseto wa maharage na mchele. Nyanda za juu za kusini zina bahati, maana maharage hustawi mlimani, na mchele wa Kyela na wa bonde la Usangu hauko mbali.

Kwa nini tuchanganye viwili hivi? Mwili hujengwa kwa kitu kiitwacho protini. Protini ni kama ukuta wa matofali ya namna nyingi. Mchele una matofali, lakini una upungufu wa tofali moja liitwalo laisini. Maharage yana laisini nyingi, ila yana upungufu wa tofali jingine, na hilo mchele unalo. Ukila vyote viwili, ukuta unakamilika. Mtu mzima atavumilia ukuta mbovu kwa muda. Mtoto mdogo hawezi. Mwaka 1933 daktari mmoja mwanamke, Cicely Williams, aliyekuwa akifanya kazi katika nchi ambayo sasa ni Ghana, aliandika habari za watoto waliovimba miguu, nywele zikabadilika rangi, ngozi ikabambuka. Ugonjwa huo akauita kwa jina walilolitumia wenyeji wa kabila la Ga, kwashiorkor, yaani ugonjwa unaompata mtoto aliyeachishwa ziwa kwa sababu mdogo wake amezaliwa. Mama wa Kiga walikwisha kuona jambo hilo kabla ya madaktari. Nchini Tanzania mwaka 1975 kulikuwa na kampeni kubwa ya redio iliyoitwa Chakula ni Uhai, na vikundi vilikaa kama ninyi mlivyokaa leo kusikiliza mambo kama haya. Baadhi ya wazee darasani huenda wanakumbuka.

Haya, tuingie jikoni. Kwa watu sita twaa vikombe 2 vya maharage makavu na vikombe 3 vya mchele. Chagua maharage ya mavuno mapya kama yapo. Yaliyokaa ghalani muda mrefu mahali pa joto na unyevu huwa magumu, hata ukipika kutwa hayalainiki vizuri. Maharage ya njano huiva upesi kuliko mengi mengine, ndiyo maana akina mama wengi huyapenda na wenye maduka huyauza bei juu. Mimi naona bei hiyo hulipwa na kuni unazookoa, lakini pigeni hesabu wenyewe.

Neno la pili ubaoni: ku-lo-we-ka. Jioni osha maharage, yatie katika maji mengi, yalale humo usiku kucha. Asubuhi mwaga maji hayo, uoshe tena. Wako wanaoona kumwaga ni kupoteza utamu. Utamu kidogo hupotea, ndiyo, lakini hupotea pia sehemu ya vile vinavyoleta gesi tumboni, na sehemu ya sumu.

Mmesikia sawasawa, nimesema sumu. Maharage mabichi yana sumu yake ya asili, na mekundu ndiyo yenye nyingi kuliko mengine. Punje nne au tano tu zisizoiva zaweza kumfanya mtu mzima atapike sana baada ya saa 1 hadi 3, kisha aharishe. Watu husema amelogwa au amekula nyama mbovu, kumbe ni maharage. Sumu hii haifi kwa maji ya vuguvugu. Hufa kwa maji yanayochemka kwa nguvu, yanayotokota na kuruka. Basi maharage yote, ya rangi yoyote, yachemke hivyo kwa dakika 10 bila kupumzika, ndipo upunguze moto. Sisi wa milimani tuzidishe, tufanye dakika 30. Sababu ni hii: kadiri unavyopanda mlima, maji huchemka kwa joto dogo. Dar es Salaam huchemka kwa digrii 100. Njombe huchemka karibu na digrii 94. Maji yanatokota vile vile, macho hayaoni tofauti, lakini joto lake ni dogo zaidi, na hapana njia ya kulizidisha katika sufuria ya kawaida hata ukiongeza kuni. Ndiyo maana maharage ya Njombe hukawia kuiva kuliko ya Kyela, na bibi arusi aliyetoka bondeni hulaumiwa bure.

Juu ya magadi watu huuliza sana. Magadi hulainisha maharage upesi, ni kweli, lakini huharibu vitamini B1. Aliyeloweka usiku kucha hana haja nayo. Juu ya chumvi wapishi wabishana, nami sitaki kuingia katika ugomvi huo. Lakini nyanya na ndimu hazina ubishi: usizitie kabla maharage hayajalainika, maana uchachu huyafanya yabaki magumu.

Sasa nataka msikilize kwa makini kuliko hapo nyuma. Mwalimu, kama kuna watu wanaozungumza, wanyamazishe.

Maharage huchukua saa nyingi, na wakati wa baridi jiko la mkaa linapendeza. Basi mtu hufanya nini? Huinjika maharage jioni, moshi ukiisha hulibeba jiko pamoja na sufuria akaliweka chumbani, afunge mlango na dirisha. Hufikiri amepata faida mbili: chakula kinaiva, watoto wanaota moto. Mkaa ule mwekundu usio na moshi hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi. Haina harufu. Haikoholeshi mtu kama moshi. Ukiivuta, huingia katika damu na kukaa mahali pa oksijeni, hata damu ikazunguka mwilini haina kitu cha kuupa moyo na ubongo. Kwanza kichwa huuma, kisha kizunguzungu, kichefuchefu, mwili hulegea. Anayekuwa macho huenda akatoka nje. Aliyelala haamki. Nyumba nzima yaweza kwisha usiku mmoja, na asubuhi majirani wakakuta sufuria bado ina joto.

Kwa hiyo jiko la mkaa lisilale ndani na watu, hata kama limebaki kaa mbili zilizofunikwa majivu. Usidanganywe na maneno ya kwamba ukiweka bakuli la maji karibu, hewa hiyo inaingia majini. Haiingii. Ukikuta watu wamelegea katika chumba chenye jiko, fungua mlango na dirisha, watoe nje wapate hewa safi kwanza, kisha wakimbizeni hospitali, hata yule asemaye amepata nafuu.

Mtaniuliza: basi maharage ya jioni tutayapikaje bila kukesha jikoni? Ipo njia, nayo ni ya zamani. Ni kikapu cha kupikia. Twaa kapu kubwa au sanduku la mbao. Litandike majani makavu ya mgomba, au nyasi kavu, au vipande vya blanketi kuukuu, unene wa nusu shubiri chini na pande zote, ukiacha shimo la kukaa sufuria tu. Shona mto uliojaa majani hayo hayo, uwe mfuniko. Kikapu hakitoi moto. Kazi yake ni kuuzuia ule uliokwisha kuingia chunguni usitoroke, kama blanketi lisivyokuwa na moto lakini wewe hulala kwa joto ndani yake.

Chemsha maharage yaliyolowekwa kwa zile dakika 30, maji yakiyafunika vidole viwili. Funika sufuria, acha ichemke dakika chache ikiwa imefunikwa, kisha iingize kapuni mbio mbio, uifunike kwa mto. Sufuria iwe imejaa kupita nusu, maana sufuria yenye chakula kidogo hupoa upesi. Iache saa 2 hadi 3. Usifungue kuchungulia. Kila uchunguliapo watoa joto ambalo hutaweza kulirudisha. Na kamwe usitie kapuni maharage ambayo hayajachemka kwa nguvu, kwa sababu joto dogo la muda mrefu halivunji ile sumu.

Ukitoa, rudisha sufuria jikoni, ichemke tena. Bonyeza punje kati ya kidole na gumba. Ikipondeka yote, hata katikati, imeiva. Ikiwa na kiini kigumu, endelea kupika.

Mseto wenyewe sasa ni kazi ndogo. Kaanga vitunguu 2 katika mafuta ya alizeti mpaka vigeuke rangi, tia karoti zilizokatwa, kisha nyanya 3, uache zirojeke. Koroga vijiko vikubwa 4 vya karanga zilizosagwa kwa maji kidogo, umimine. Karanga hutia uzito na nguvu, na huku kwetu nazi ni ghali. Tia maharage pamoja na mchuzi wake, uongeze maji ya moto mpaka mchuzi wote ufike vikombe 6 hivi. Tia chumvi. Vikichemka, tia mchele uliooshwa, koroga mara moja tu. Chemsha dakika 10, funika, urudishe kapuni kwa dakika 40. Asiye na kikapu apunguze moto na kupalia makaa juu ya mfuniko, huko huko jikoni penye hewa, mpaka maji yakauke na mchele uive. Mseto mzuri si mkavu kama wali wa harusi. Huwa laini kidogo, unashikana kijikoni.

Mezani kila mtu akamulie ndimu. Madini ya chuma yaliyomo katika maharage, yanayotengeneza damu, huingia mwilini vizuri zaidi yakikutana na vitamini C. Chai, kwa upande mwingine, huyazuia. Najua baridi na chai ni ndugu, lakini ngojeni saa moja baada ya kula, hasa mama mjamzito. Mtoto aliyepita miezi 6 apondewe mseto mpaka uwe laini kama uji mzito, na maganda ya maharage yaondolewe.

Limebaki neno la kiporo. Wali uliopoa polepole huzaa vijidudu ambavyo mbegu zake hazifi kwa kuchemshwa, na sumu ya vijidudu hivyo haiondoki kwa kupasha moto. Kwa hiyo kikapu kisigeuzwe kabati la kulazia chakula. Kilichobaki kitoe mara moja, kitandaze katika sinia pana kipoe upesi, kifunike, kiweke mahali pa baridi kabisa. Asubuhi kipashe mpaka kitoe mvuke wote, kiliwe kiishe. Kilichosahauliwa kapuni usiku kucha wapeni mbolea, msiwape watoto.

Kabla ya somo lijalo kila kikundi kitengeneze kikapu kimoja. Wapikeni maharage ya aina moja katika sufuria mbili, moja kwa moto mtupu, moja kwa kikapu. Andikeni katika daftari saa mlipoanza, saa yalipoiva, na idadi ya kuni zilizotumika kila upande. Toeni ndogo katika kubwa, na jibu mliandike kwa tarakimu na kwa maneno. Mwenye kubishana juu ya chumvi atie katika sufuria ya tatu, kwa gharama yake mwenyewe.