Saa 24 Baada ya Fuvu Kufungwa

Damu kuvuja ndani ya fuvu ni mojawapo ya hatari kubwa kwa mtoto aliyetoka kuondolewa uvimbe wa ubongo. Watoto walio wengi hawapatwi nayo. Inapotokea, mara nyingi huwa ndani ya saa 24 za mwanzo, na hasa saa 6 za kwanza, kidonda kikiwa bado kibichi na mtoto hajazinduka vizuri kutoka usingizini.

Hatari inaanzia kwenye uchache wa damu yenyewe. Mtoto ana takriban mililita 75 hadi 80 za damu kwa kila kilo ya uzito wake, kwa hiyo mtoto wa kilo 10 ana mililita 800 tu, au pungufu, mwilini mwote. Akipoteza mililita 200, yaani kikombe kimoja cha chai, robo ya damu yake imekwenda. Mtu mzima anayejitolea damu hutolewa zaidi ya mara mbili ya kiasi hicho, akanywa soda na kurudi nyumbani kwa miguu yake.

Tena kuna fuvu. Tumbo likivujiwa na damu hutanuka, lakini fuvu halina pa kutanukia, isipokuwa kwa mtoto mchanga ambaye utosi wake haujafunga. Sehemu kubwa ya uvimbe wa ubongo wa watoto huota nyuma ya kichwa, kwenye ubongo mdogo, ndani ya chumba chembamba cha mfupa. Humo humo limo shina la ubongo linaloendesha pumzi na mapigo ya moyo. Donge la damu ambalo mahali pengine lingevumilika, hapo hulibana shina hilo, na huweza pia kuziba njia ya maji ya ubongo yakajaa kichwani.

Kwa mtoto wa milima ya Usambara, maandalizi dhidi ya hatari hiyo huanza mbali na chumba cha upasuaji. Dalili za mwanzo ni kichwa kuuma alfajiri, kutapika kabla hajala kitu, kuyumba anapotembea, macho kupishana. Ni rahisi kudhani ni malaria au minyoo, na akishikwa na degedege wapo watakaomtafutia mganga kwanza. Kutoka Mlalo au Bumbuli hupelekwa Hospitali ya Wilaya ya Lushoto, huteremka kona za Soni hadi Mombo, huenda hospitali ya Bombo mjini Tanga, kisha hupewa rufaa ya Dar es Salaam, kwenye Taasisi ya Mifupa MOI pale Muhimbili, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1996. Kila wiki inayopotea njiani inampa uvimbe nafasi ya kukua. Uvimbe mkubwa huwa na mishipa mingi, huchukua saa nyingi kuutoa, na mtoto aliyetapika kwa miezi hufika amedhoofu na damu yake imepungua.

Kabla ya upasuaji hupimwa wingi wa damu, kundi lake na uwezo wake wa kuganda. Chembe sahani, zile zinazoziba tundu la mshipa, zikiwa chini ya 100,000 kwa kila maikrolita, kwa kawaida madaktari wa ubongo huziongeza kwanza. Hata hivyo maabara haiwezi kueleza yote, na hapa maelezo ya mzazi yana thamani kubwa kuliko wazazi wengi wanavyodhani. Mtoto alipotahiriwa, damu ilichelewa kukatika? Yuko mjomba aliyewahi kuvuja damu kwa siku kadhaa baada ya kung'olewa jino? Majibu hayo yanaweza kufichua hemofilia, ugonjwa wa kurithi unaopitia upande wa mama. Dawa nazo zitajwe zote, za duka na za miti shamba, bila aibu. Aspirini, ibuprofeni na diklofenaki hupunguza nguvu ya chembe sahani, na valproeti, dawa ya kifafa, huweza kuzipunguza idadi.

Zamani daktari akifungua kichwa alikuwa akishindana na damu kwa vibanio na pamba. Mwaka 1926 mjini Boston, Harvey Cushing alitumia kifaa cha umeme cha William Bovie kuchoma mishipa, na uvimbe uliokuwa haugusiki ukaanza kutolewa. Leo hutumika koleo jembamba lenye umeme kwenye ncha zake mbili, pamoja na dawa ya traneksamiki inayozuia damu iliyoganda isiyeyuke mapema. Chumba huwekwa na joto, kwa kuwa mwili uliopoa haugandishi damu vizuri na mtoto hupoa upesi. Kabla ya kufunga, shimo lililoachwa na uvimbe husafishwa kwa maji ya chumvi mpaka yatoke meupe.

Damu ya kuongezea lazima iwe tayari mapema. Chembe sahani hudumu siku 5 tu, kwa hiyo wachangiaji wapya huhitajika kila mara. Familia nyingi za Lushoto zina ndugu Dar es Salaam, wengine wakiuza karoti na kabichi za nyumbani, na hao ndio wa kupigiwa simu kabla ya siku ya upasuaji. Wanaume huweza kuchangia kila baada ya miezi 3, wanawake miezi 4.

Baada ya upasuaji mtoto hulazwa chumba cha wagonjwa mahututi. Muuguzi humulika mboni za macho, humwita jina, humwambia akunje mkono, na kuandika alama kwa kipimo cha fahamu cha Glasgow kilichobuniwa mwaka 1974, ambacho alama ya juu ni 15. Alama zikishuka kwa 2, daktari huitwa mara moja. Dalili nyingine ni mboni moja kutanuka, kutapika upya, pumzi kukosa mpangilio, na shinikizo la damu kupanda huku mapigo ya moyo yakipungua. Mama akisema mwanawe hayuko kama alivyokuwa saa moja iliyopita, asikilizwe, ndiye anayemjua.

Siti-skani huonyesha damu mbichi kama doa jeupe. Doa dogo lisilobana kitu huachwa na kupimwa tena. Donge kubwa humrudisha mtoto chumba cha upasuaji kulitoa, na wakati mwingine huwekewa mpira wa kutolea maji ya ubongo. Wanaowahiwa wanaweza kupona kabisa. Wengine hubaki na udhaifu wa upande mmoja au matatizo ya kumeza na kusema.

Akisharudi nyumbani, damu huweza kujikusanya polepole chini ya utando wa ubongo kwa wiki kadhaa, hasa kwa aliyewekewa mpira wa kudumu. Dawa za saratani nazo hushusha chembe sahani, na kutokwa damu puani au madoa mekundu ya ngozi ni sababu ya kurudi hospitali siku hiyo hiyo. Maumivu hutulizwa kwa parasetamoli. Masika udongo huweza kuporomoka na kuziba barabara ya Mombo, kwa hiyo barua ya ruhusa ifikishwe mapema Hospitali ya Wilaya, ikieleza uvimbe ulikuwa wapi, ulitolewa lini, na simu ya daktari wa kuulizwa usiku.