Wakili Aliyekataa Kuwarudisha Watumwa Watatu

Benjamin Franklin Butler alizaliwa katika jimbo la New Hampshire, Marekani, mwaka wa 1818. Baba yake alifariki yeye angali mtoto mchanga, na mama yake akahamia Lowell, mji wa viwanda vya nguo, akawa akiwapangisha wafanya kazi vyumba ili apate kuwalea wanawe. Mwaka wa 1840 Butler akawa wakili, naye akajulikana kwa werevu wake mahakamani.

Hakuwa adui wa utumwa. Katika mkutano wa chama chake mwaka wa 1860 alimpigia kura mara nyingi Jefferson Davis, aliyekuja kuwa mkuu wa majimbo ya Kusini yaliyoasi. Lakini vita vilipozuka mwaka wa 1861, Butler alishika upande wa serikali, akafanywa jenerali na kupewa ngome ya Fort Monroe, Virginia.

Usiku wa tarehe 23 Mei, watumwa watatu, Frank Baker, Shepard Mallory na James Townsend, walivuka maji kwa mashua wakafika ngomeni. Bwana wao, Kanali Charles Mallory, alikuwa amewatoa wajenge boma la mizinga la waasi. Mara akaja afisa wa Kusini na bendera nyeupe, akidai warudishwe, kwani sheria ya mwaka 1850 iliamuru hivyo.

Butler alijibu kama wakili. Virginia imekwisha kusema kwamba si sehemu ya Marekani. Basi yawezaje kudai msaada wa sheria ya Marekani? Kanali na aje ale kiapo cha utii, naye atapewa watu wake. Asipokuja, hao ni mali ya adui iliyotumika vitani, na mali ya namna hiyo hutwaliwa.

Kuitwa mali hakukuwa heshima, wala hakukuwa uhuru. Hata hivyo habari zilienea, na ilipofika mwisho wa Julai watoro ngomeni walikuwa 900. Tarehe 6 Agosti Bunge likatunga sheria ya kuwatwaa watumwa waliotumiwa vitani na waasi. Mwaka wa 1865 utumwa ukakomeshwa nchi nzima.

Butler aliingia Bungeni, akatetea haki za watu weusi, na mwaka wa 1883 akawa Gavana wa Massachusetts. Alifariki mwaka wa 1893. Wakili ndiye aliyefungua mlango ule. Lakini waliopiga hodi kwanza ni wale watatu.