Nyumba ya Mizuka ya Borley: Yaliyosemwa na Yaliyoonekana
Msafiri atokaye Bungoma kwenda Kitale hufika katika nchi iliyokuwa ya mashamba ya walowezi wa Kizungu, na hapa na pale husimama nyumba kubwa za kale walizoziacha. Nyumba ya namna hiyo ikikaa tupu, mabati yakilia usiku na popo wakiruka darini, mpita njia huharakisha mwendo. Hofu hiyo haiko Afrika peke yake. Waingereza nao walikuwa na nyumba iliyovuma kuwa na mizuka kuliko zote nchini mwao.

Nyumba hiyo ilijengwa mwaka wa 1862 kijijini Borley, katika jimbo la Essex, na kasisi Henry Bull, aliyekuwa na watoto 14. Watu walisimulia kwamba hapo kale palikuwa na makao ya watawa wanaume. Mmoja wao akapendana na mtawa wa kike, ndipo yule mwanamume akauawa, na mwanamke akazibiwa ukutani akiwa hai. Jioni ya tarehe 28 Julai, 1900, binti wanne wa kasisi walisema wamemwona mtawa huyo karibu na nyumba, walipomkaribia akatoweka.

Mwaka wa 1929 gazeti moja la London lilitangaza habari hizo, na Harry Price, mchunguzi wa mizuka, akafika. Tangu hapo mambo yalizidi: mawe yalirushwa, kengele zikalia, na baadaye maandishi yakaonekana kutani. Mwaka wa 1937 Price alipanga nyumba hiyo kwa mwaka mmoja, akakusanya watu 48 wailinde kwa zamu. Kisha alitunga vitabu viwili, vikasomwa na wengi.

Tarehe 27 Februari, 1939, nyumba iliteketea. Mwenyewe alisema taa ya mafuta ilianguka. Kampuni ya bima ilipochunguza iliona kuna udanganyifu. Magofu yalibomolewa mwaka wa 1944.

Mwaka wa 1956 wachunguzi watatu walitoa taarifa baada ya kupima kila neno. Makao yale ya watawa hayakuthibitika kuwako. Panya walikuwa wengi, na umbo la nyumba lilifanya sauti zisikike kwa namna isiyo ya kawaida. Mambo mengine waliyaona kuwa kazi ya mikono ya watu, hata Price mwenyewe wakamshuku. Wengine walimtetea, lakini yeye alikuwa amekwisha kufa mwaka wa 1948, asiweze kujibu.

Kuwaheshimu waliotangulia ni jambo moja. Kuamini kila uvumi ni jambo jingine. Mtu akiambiwa kwamba nyumba fulani ina mizuka, na aulize: Ni nani aliyeona? Aliona lini? Na ni nani apataye faida habari hiyo ikienea? Huko Borley maswali hayo yalikawia kuulizwa, na yalipoulizwa nyumba yenyewe haikuwapo tena.