Hedifoni na Afya ya Masikio: Mafunzo kwa Anayeanza Kuzitumia

Katika meli inayotoka Mkoani kwenda Unguja, si ajabu kumkuta kijana amekaa karibu na mashine, hedifoni masikioni, akisikiliza kisomo cha Qur-ani, taarabu au matangazo ya mpira. Ngurumo ya mashine inapozidi, hupandisha sauti; ikizidi tena, hupandisha tena. Anaposhuka bandarini Malindi, masikio yake yanavuma na maneno ya wenzake anayasikia kama yanatoka mbali. Kesho yake uvumi umetoweka, naye huamini kwamba hakuna kilichoharibika. Imani hiyo ndiyo kosa kubwa kuliko yote kwa mtu anayeanza kupenda hedifoni.

Mapenzi ya hedifoni yamekuwa mepesi kuyaendeleza kisiwani Pemba. Tangu mwaka 2010, gridi ya Taifa ilipofikishwa huko kwa waya uliolazwa chini ya bahari kutoka Tanga, kuchaji simu si kazi kubwa kama zamani, na simu moja hubeba nyimbo, mawaidha na masomo ya miezi. Si jambo baya. Hata hivyo, Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kwamba vijana zaidi ya bilioni 1 wenye umri wa miaka 12 hadi 35 wako katika hatari ya kupoteza usikivu kwa sababu ya kusikiliza sauti kubwa kupita kiasi. Makala hii inaeleza hatari hiyo inavyotokea, na namna ya kufurahia hedifoni bila kuyagharimu masikio.

Sikio linavyoharibika

Sauti huingia sikioni, hutikisa kiwambo cha sikio, hupita katika vifupa vitatu vidogo, kisha hufika katika sikio la ndani, kwenye mfereji uliojizungusha kama gamba la konokono. Humo mna seli zipatazo 15,000 zenye vinywele vidogo mno. Mtikisiko unapovigusa vinywele hivyo, seli hupeleka habari kwenye ubongo kwa njia ya mshipa wa fahamu, na mtu husikia.

Sauti kubwa huzichosha seli hizo. Zikipumzishwa mapema, nyingi hurudia hali yake. Zikichoshwa mara kwa mara, hufa. Kuku akipoteza seli za aina hii huota nyingine. Binadamu hapati nyingine, na mpaka sasa hakuna dawa wala upasuaji wa kuzirudisha. Hata pale usikivu unapoonekana kurejea kikamilifu baada ya uvumi kutulia, madhara yaliyokwisha kutokea ndani yanaweza kubaki.

Zinazoanza kufa, kwa kawaida, ni seli zinazopokea sauti nyembamba. Ndiyo maana mgonjwa husema, "Nasikia watu wakizungumza, lakini sielewi wanachosema." Irabu humfikia, ila herufi kama s, sh, f na th humpotea. "Fika" na "shika" humchanganya, vivyo hivyo "sindano" na "shindano". Kwa mwanafunzi anayehifadhi Qur-ani, ambaye hana budi kutofautisha sini na shini, au tha na fa, hasara hiyo si ndogo. Inasikitisha zaidi pale inapoletwa na kifaa kilekile alichokitumia ili ajifunze.

Sauti ina dozi yake, kama dawa

Madhara ya sauti hutegemea mambo mawili kwa pamoja: ukubwa wake na muda wa kuisikiliza. Ukubwa hupimwa kwa desibeli. Mazungumzo ya kawaida huwa karibu desibeli 60. Katika kiwango cha usikilizaji salama kilichozinduliwa mwaka 2019 na WHO pamoja na Shirika la Kimataifa la Mawasiliano (ITU), mtu mzima anaweza kusikiliza sauti ya desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Kwa watoto na wenye masikio dhaifu, kiwango kinachoshauriwa ni desibeli 75 kwa muda huohuo.

Jambo linalowashangaza wengi ni hili: kila desibeli 3 zinapoongezeka, nguvu ya sauti huwa maradufu, na muda salama hupungua kwa nusu. Kwa desibeli 83, saa 40 huwa 20. Kwa desibeli 86, saa 10. Kwa 89, saa 5. Kwa 92, saa mbili na nusu. Zikifika desibeli 101, dozi ya wiki nzima humalizika kwa dakika 19 hivi. Simu nyingi, zikifunguliwa hadi mwisho, zinaweza kuvuka desibeli 100. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba cha sikio kikishajaa hakimwagiki.

Mafunzo kwa anayeanza

*Kwanza, sauti kubwa hudanganya.* Hedifoni mbili zikilinganishwa, ile inayosikika kwa nguvu kidogo zaidi huonekana bora, hata kama si bora. Anayejaribu hedifoni dukani na azisawazishe kwanza sauti zake, kisha ndipo ahukumu. Ajue pia kwamba hedifoni hazilingani kwa wepesi wa kuitikia umeme wa simu. Alama iliyokuwa salama kwa hedifoni za zamani huenda ikawa kali mno kwa mpya. Kila kifaa kipya kianzwe kwa sauti ya chini kabisa, kisha kipandishwe taratibu.

*Pili, tatizo la besi mara nyingi ni la mkao.* Wanaoanza hulalamika kwamba hedifoni za kuchomeka hazina besi, wakapandisha sauti. Mara nyingi kipira chake hakilingani na tundu la sikio, na besi inavuja. Hedifoni nyingi za aina hiyo huuzwa na vipira vya ukubwa tofauti. Kinachofaa ni kile kinachoziba vizuri bila kuumiza, na yawezekana sikio la kulia likahitaji kisicholingana na cha kushoto. Kikipatikana, besi hurudi na sauti inaweza kupunguzwa.

*Tatu, mahali penye kelele, ipunguzwe kelele, isipandishwe sauti.* Melini au ndani ya gari, hedifoni zinazoziba sikio barabara, au zile zinazozima kelele kwa kutoa mawimbi yaliyo kinyume chake, humwezesha msikilizaji kutosheka na sauti ndogo. Hapo ndipo fedha ya ziada ina maana kiafya. Asiyekuwa nazo na aketi mbali na mashine, au aahirishe kusikiliza. Barabarani, hata hivyo, hedifoni za aina hizo ni hatari: mwendesha bodaboda au mtembea kwa miguu asiyesikia honi huhatarisha maisha yake na ya wengine.

*Nne, sikio huzoea, lakini halikomai.* Husemwa kwamba hedifoni mpya zinahitaji kupigwa kwa saa nyingi ili "zifunguke". Kinachobadilika zaidi ni ubongo wa msikilizaji unaoizoea sauti ile. Mazoea hayohayo humfanya mtu aone sauti ya jana kuwa ndogo leo. Dawa yake ni mapumziko: dakika chache za ukimya kila baada ya saa moja, na siku nzima ya kupumzika baada ya masikio kuvuma.

*Tano, simu yenyewe ni mlinzi.* WHO inashauri sauti isizidi asilimia 60 ya uwezo wa kifaa. Simu nyingi za kisasa zina sehemu ya kuweka kikomo cha sauti. Mzazi anaweza kukiweka kwenye simu ya mtoto. Zaidi ya hapo, hedifoni zikiwa masikioni, mtu anayezungumza kwa sauti ya kawaida umbali wa mkono mmoja asikike. Asiposikika, sauti ni kubwa mno, au kifaa kimeziba sana kwa mahali hapo.

Unyevu, usaha na kuazimana

Hewa ya Pemba ni ya joto na unyevu, na watu wengi huoga baharini. Hedifoni za kuchomeka zikivaliwa kwa saa nyingi hufungia jasho na maji ndani ya tundu la sikio, na mazingira hayo hupendwa na fangasi na bakteria. Dalili zake ni muwasho, maumivu, harufu na majimaji. Masikio yakaushwe kwa kitambaa safi sehemu ya nje kabla ya kuvaa hedifoni, vipira vifutwe mara kwa mara, na hedifoni za kuchomeka zisiazimanwe hata kati ya ndugu.

Anayetoka usaha sikioni, au mwenye kiwambo kilichotoboka, asitumie hedifoni za kuchomeka mpaka atibiwe. Nta ya sikio isichokonolewe kwa kijiti, unyoya wala pamba, kwani huzidi kusukumwa ndani. Mafuta ya moto, maji ya chumvi na dawa za kubahatisha zisitiwe sikioni.

Kwa mhudumu wa afya

Mgonjwa anayelalamikia mlio au usikivu hafifu aulizwe maswali manne: husikiliza hedifoni saa ngapi kwa siku na kwa sauti ya kiasi gani; hufanya kazi gani yenye kelele; amewahi kutumia gentamisini, streptomisini, amikasini au kwinini; na tatizo lilianza ghafla au taratibu. Tundu la sikio lichunguzwe kabla ya kuamua kwamba ni nta. Kipimo cha usikivu kikipatikana, madhara ya kelele kwa kawaida huonekana kama bonde kati ya hezi 3,000 na 6,000, mara nyingi karibu na 4,000.

Usikivu uliopotea ghafla, hasa katika sikio moja, ni dharura hata pasipo maumivu. Matibabu ya mapema yanaweza kuokoa sehemu ya usikivu, na kila siku inayopita hupunguza matumaini. Mgonjwa huyo, pamoja na mwenye kizunguzungu kikali au damu sikioni, asiambiwe arudi wiki ijayo. Apelekwe siku hiyohiyo katika hospitali iliyo karibu, iwe ya Wete, Chake Chake au Abdulla Mzee ya Mkoani, ili achunguzwe na kupewa rufaa inapohitajika.

Hitimisho

Hedifoni bora ni zile zinazomwezesha mwenyewe kusikia vizuri kwa sauti ndogo, hata kama bei yake si kubwa. Hedifoni zikiharibika, dukani zipo nyingine. Kijana wa melini anayepunguza sauti leo anajiwekea akiba ya kusikia adhana ya mbali, wimbi la pwani na sauti za wajukuu wake, miaka 40 ijayo.