Gadie Mwenye Miaka 35: Kuna Faida ya Kumfundisha?



Mwezi huu tuongee juu ya mtu ambaye mnamjua sana, na pengine hamjamuuliza habari zake hata siku moja. Ni gadie, mlinda goli. Si yule wa televizyo. Ni huyu wetu wa hapa Kalemie: fundi cherehani, mvuvi, mwalimu wa shule ya msingi, mchimbaji aliyeshuka kutoka Manono kupumzika kwa jamaa. Ana miaka 30, ao 35, ao 42. Anachezea ekipe ya kanisa ao ya mtaa, hapati franka hata moja, na kesho yake anaamka na kiuno kinachouma.

Swali ni hili. Mtu kama huyo, kuna faida kumtafutia mwalimu wake mwenyewe, wa kazi ya goli tu, hata saa moja kwa juma? Wengi wanajibu mbio: "Huyu mukubwa atajifunza nini tena?" Na wazee wanaongeza methali ya kwetu watu wa ziwa: samaki mkunje angali mbichi.

Methali ile ni ya kweli kwa mgongo. Kwa mahali pa kusimama, si ya kweli. Mgongo wa mtu wa miaka 40 hautakunjika tena kama wa mtoto, lakini sehemu kubwa ya kazi ya gadie si kuruka. Ni kujua wapi asimame, namna gani ashike, namna gani aanguke, na wakati gani apige kelele. Mambo hayo yanakaa kichwani na mikononi, na gadie wetu hajafundishwa hata moja.

Ndugu msomaji, ukumbuke namna alivyoingia golini. Alikuwa mtoto, hakujua kukimbiza mpira, wenzake wakamsukuma kule nyuma. Ao alikuwa mrefu. Ao mpira haukuwa wake (mwenye mpira hakai golini, mnajua wenyewe). Tangu siku ile amesimama pale miaka 20, na ameokota tabia zake peke yake, nzuri na mbaya. Njo maana nasema: umri wake ni wa mzee wa mchezo, lakini kwa mafundisho ni mwanafunzi wa siku ya kwanza. Na mwanafunzi wa siku ya kwanza njo anayepata faida mbio kuliko wote.

Uende utazame mazoezi ya ekipe zetu. Wale kumi wanafanya kazi yao, antrenere anawapangia. Gadie anasimama tu, anajinyoosha. Mwishoni wanajipanga mstari, kila mtu anapiga kwa nguvu zake zote kutoka mita nane, mmoja nyuma ya mwingine, mpaka gadie analala chini akihema. Watu wanacheka, wanasema amefanya mazoezi. Hapana. Amekuwa ukuta wa kupigia mipira. Wanaopiga wamejifunza kidogo, yeye amejifunza kuogopa.

Sasa tazama mwalimu anayejua kazi anafanya nini. Anachukua kamba mbili ndefu, zile za wavuvi zinafaa sana. Anafunga moja kwenye mlingoti wa kuume, moja kwenye mlingoti wa kushoto, anazivuta zote mbili mpaka zikutane pale mpira ulipo. Goli lina upana wa mita 7 na sentimita 32, urefu wa mita 2 na sentimita 44. Gadie akisimama juu ya mstari, kati ya kamba zile, anaona uwanja mzima kila upande. "Sasa njoo mbele hatua tatu," mwalimu anamwambia. Anakuja, na kamba zinamkaribia. Hatua mbili tena, anaweza karibu kuzigusa kwa mikono yake. Goli halikupungua, yeye ametembea tu. Kisha mwalimu anahamisha mpira kando, kamba zinahama, na gadie anajifunza kuhama nazo. Nimeona baba wa watoto watano akitazama kamba hizo na kusema: "Kumbe miaka yote nilikuwa nasimama bure!" Jambo lile lilichukua dakika 15, na halihitaji miguu ya kijana.

Mikono vilevile. Mpira wa juu unapokelewa na vidole vimefunguliwa na vidole gumba vikikaribiana nyuma ya mpira, kusudi usipite katikati. Mpira wa chini ni kinyume: vidole vidogo vinakaribiana, mwili unakaa nyuma ya mikono kama mlango wa pili. Ni mambo ya kurudiliarudilia, mpira wa kutupwa polepole, mara 20, mara 30.

Lakini faida ninayoiweka mbele ya zote ni kuanguka. Hapa ninasema na ninyi wake wa magadie zaidi kuliko na waume. Mtu asiyejua kuanguka anaanguka juu ya kiwiko, ao juu ya mkono ulionyooka, ao juu ya tumbo. Fundi cherehani akivunjika mkono, cherehani inanyamaza miezi miwili, na hakuna ekipe ya mtaa inayolipa mshahara wa mgonjwa. Mwalimu wa goli anamwanzisha gadie akiwa amepiga magoti, kisha amechuchumaa, kisha amesimama. Paja linagusa kwanza, halafu kiuno cha pembeni, halafu bega, na mpira unabaki mbele ya uso. Viwanja vyetu ni vigumu kama saruji, hasa wakati wa kiangazi. Ila Mungu ametupa mchanga wa ziwa! Asubuhi ya posho, mchanga ni laini na ni bure. Mchague tu pahali ambapo viboko hawapiti.

Tuje kwa penalti, maana vijana watauliza. Mwaka 2007 watafiti wa Israeli walitangaza kazi yao juu ya penalti 286 za mashindano makubwa. Waliona magadie waliruka upande mmoja karibu mara 94 kwa kila 100. Lakini mipira iliyopigwa katikati ilikuwa karibu 29 kwa 100. Wale waliobaki wamesimama walishika mara nyingi zaidi. Kwa nini basi waliruka? Watafiti wale waliona kwamba gadie anaona haya kusimama. Akiruka na kufungwa, watu wanasema amejaribu. Akisimama na kufungwa, watu wanasema amelala. Sisemi usimame siku zote, wapiga penalti nao si wajinga. Ninasema mwalimu anaweza kumfundisha mtu mzima akili ya namna hii kwa jioni moja.

Na wale magadie wenye kuwa na miaka zaidi ya 40 wasione haya pia. Sheria imebadilika tangu walipokuwa watoto. Tangu mwaka 1992 hairuhusiwi kushika kwa mikono mpira ambao mwenzako amekurudishia kwa mguu makusudi. Wako wengi ambao mpaka leo wanaogopa kuupiga mpira ule kwa mguu, sababu hakuna aliyewafundisha.

Tuna mifano. Dino Zoff wa Italia alishinda Kombe la Dunia mwaka 1982 akiwa na miaka 40. Essam El-Hadary wa Misri alicheza Kombe la Dunia mwaka 2018 akiwa na miaka 45, na siku ile akazuia penalti. Na wetu wa Katanga, Robert Kidiaba, nani hamjui? Alikuwa na miaka 34 wakati TP Mazembe ilipoipiga Internacional ya Brazili 2-0 kule Abu Dhabi, Desemba 2010, ikawa ekipe ya kwanza ya Afrika kufika fainali ya dunia ya vilabu. Februari 2015, alipokuwa ametimiza miaka 39 siku sita tu mbele, alisimama golini kule Malabo, na Kongo ikachukua nafasi ya tatu ya Afrika kwa penalti. Hao walikuwa watu wa kazi hiyo, walilipwa, walikuwa na madaktari. Fundi cherehani wetu hatafika Abu Dhabi. Lakini wanatuonyesha kwamba goli si pahali ambapo miaka 30 inafunga mlango.

Mwalimu wa goli naye asidhaniwe kuwa ni mganga wa miujiza. Mwaka 1974, wakati nchi yetu ilikuwa Zaire, antrenere wetu katika Kombe la Dunia alikuwa Blagoje Vidinić. Yeye mwenyewe alikuwa gadie zamani, na alikuwa katika ekipe ya Yugoslavia iliyopata dhahabu ya Olimpiki mwaka 1960. Tarehe 18 Juni, kule Gelsenkirchen, tulifungwa na Yugoslavia mara tatu kwa dakika chache. Akamtoa Kazadi, akamwingiza Tubilandu. Yakaingia mengine sita. Magadie wawili na antrenere mjuzi wa goli, na bado tisa! Kama wale kumi hawakai pahali pao, gadie hatawaokoa.

Njo jambo linaloniuma kama mchungaji. Ekipe ikifungwa, watu wanasema: "Gadie njo alituuza." Ao wanasema amerogwa. Nimeona ndugu akiacha kwaya kwa ajili ya goli moja, na familia mbili zikiacha kusalimiana. Kuna ekipe, na nyingine zina jina la kikristo, zinazotoa feza kwa mganga azike kitu chini ya mlingoti. Feza ile ingenunua mipira mitatu na glavu. Na katika mtaa ule ule anakaa mzee aliyecheza golini miaka ya nyuma, anauza samaki, hakuna anayemuita. Thomas Nkono wa Kameruni, aliyekuwa mchezaji bora wa Afrika mara mbili, 1979 na 1982, alipoacha kucheza aliitwa na kilabu chake cha zamani, Espanyol ya Hispania, afundishe magadie. Wale Wahispania waliona kwamba aliyesimama pale anajua yanayoonekana kutoka pale.

Mipaka iko. Mtu wa miaka 38 hataongeza urefu wala mbio. Akiruka mara 50 kwa jioni moja, atapata ugonjwa, si ufundi: kumi kila upande zinatosha, na mwili uwe umepashwa moto. Asiyeona vizuri jioni aende kwanza kupimwa macho. Na gadie asiyekuja mazoezini, mwalimu wake ni hasara tupu. Kwa ekipe yenye feza kidogo sana, ninashauri wasitafute antrenere mwenye diploma. Wamuombe yule mzee kwa heshima, wamletee kiti, wawaite magadie wa ekipe mbili ao tatu pamoja, hata dada zetu wanaocheza, maana nao wanasimamishwa golini bila kufundishwa.

Jambo la mwisho ni kwa mama nyumbani. Kidole cha gadie kikivimba, msikivute, kama watu wanavyozoea kufanya. Mkiweke katika maji baridi, mkifunge pamoja na kidole cha jirani yake. Kama kesho yake hakikunjiki, ao kimepinda, aende hospitali, hata kama yeye mwenyewe anasema si kitu.