Antene ya zamani juu ya nyumba: tuishushe kama vile tunafanya ku kazi

Ukipita mu makambi ya wafanyakazi huku Kolwezi, Likasi ao Lubumbashi, inua macho kidogo. Juu ya nyumba za matofali utaona tiyo ndefu za chuma, na kule juu kabisa mifupa ya antene ya televizyo: vijiti vya aliminyumu, vingine vimepinda, vingine vimekwisha kuanguka, na waya inaning'inia ku ukuta. Mwenye nyumba anaangalia teve na parabole. Antene haina kazi tena. Lakini iko, na kila mvua ikikuja na upepo, inacheza.

Zamani ilikuwa heshima. Wakati wa Télé-Zaïre, nyumba yenye antene ilijulikana mu kambi muzima. Mutoto mumoja anapanda kuzungusha tiyo, mwingine anasimama ku dirisha na kulalamika: «Apo! Apo! Ulipitisha, rudisha kidogo!» Ndani, watu makumi mbili wanangojea mupira. Hata mwaka wa 2010, wakati TP Mazembe ilifika finali kule Abu Dhabi na kucheza na Inter ya Milano, kuko nyumba zenye zilifuata ile mechi na antene ya namna hiyo. Wazee wetu waliisimamisha kwa nguvu. Kompani iliitwa baba na mama: ilitoa nyumba, hospitali, masomo, posho ya unga. Televizyo ilikuwa moja ya vitu vyenye mutu alijinunulia na mushahara wake mwenyewe. Ndiyo maana wengine hawataki mutu aiguse mupaka leo, na tunawaelewa.

Lakini wakati ule, manjanja ikitoboka, watu wa service ya nyumba ndio walikuja na ngazi. Tangu mwaka wa 2003, wakati wafanyakazi zaidi ya 10 000 wa Gécamines walitoka na ile «départ volontaire», kila jamaa iko na paa yake. Chuma imekula kutu miaka mingi. Na mwenye anapanda leo ni sisi wenyewe, siku ya kupumuzika, na sapato.

Hapo ndipo sendika inaingia mu mambo ya antene. Mwenzetu mumoja wa poste ya usiku, mutu mwenye anafunga mukaba wa usalama kila siku ku kazi bila kukumbushwa, alipanda juu ya nyumba ya muzee wake siku ya Yenga kushusha tiyo. Alikuwa peke yake. Alifungua waya za kushikilia zote tatu, tiyo ikalala upande wake, na yeye akafuatana nayo mupaka chini. Nyonga ilivunjika. Leo anatembea na fimbo, na ku shimo hawezi kurudia.

Ba mwadi, musikilize vizuri hapa, juu mara nyingi ni ninyi munabaki na mateso. Ajali ya ku kazi, na ile ya mu njia ya kwenda ao ya kutoka ku kazi, zinahesabiwa ku CNSS kama hatari za kazi. Mutu akibaki kilema, kuko rente. Akikufa, kuko haki za mujane na yatima. Ajali ya juu ya paa ya nyumba yako haiingie mu ile hesabu. Kweli, Code du travail inalazimisha mwajiri kumutunza mufanyakazi na jamaa yake wakati wa ugonjwa na ajali, na tutaidai ile haki kila mara. Lakini matunzo si rente. Na mwenye anatumika ku sous-traitant na kontra ya miezi mitatu, anajua namna kontra inaisha kama mutu yuko mu kitanda. Mwenye anachimba kwa mikono yake hata hiyo matunzo hana.

Basi, tufanye hii kazi namna tunafanya ku kompani. Mbele ya kupanda, tunazunguka nyumba na kuangalia. Kitu cha kwanza ni waya za SNEL. Pima tiyo kwa macho: kama inaweza kuanguka upande wowote na kufikia waya ya barabara, usiiguse. Kwenda uite SNEL, hata kama utangojea. Tiyo ya chuma na waya ya moto zikikutana, kamba kavu haitakuponyesha.

Kitu cha pili, na tunakisema juu tunajua makambi yetu: manjanja yenyewe inaweza kuwa na moto. Kila fasi kuko waya za kuungaunga, za jirani zinapita juu ya paa yako, zingine ngozi yao imepasuka. Ukikata disjoncteur yako, ile ya jirani inabaki hai. Ku kazi tunaita hiyo consignation: unakata, unafunga, unapima, ndiyo unagusa. Ku nyumba ni ileile. Pita ku kila mulango, uombe wakate, mutoto mukubwa mumoja akae karibu ya disjoncteur ili mutu asirudishe. Kisha mwenye kuwa na tesita apime. Chomoa na teve.

Nyumba zingine za zamani hazina manjanja, ziko na éternit. Ile ni hatari mbili. Inavunjika chini ya mguu bila kulia mbele, na ndani mwake muko amiante: ukiitoboa ao ukiikata kwa musumeno, vumbi yake inaingia mu mapafu na haitoke. Juu ya éternit hatutembei. Tunaweka mbao ndefu zenye zinalala juu ya miti ya paa, na hatukati kitu.

Kazi yenyewe inaomba watu watatu, wawili chini na mumoja juu. Magaribi ya mbele, mimina mazutu ku buloni. Asubui zitafunguka, na hautasukuma kwa nguvu ukiwa unasimama ku ukingo. Ngazi ifungwe juu, na mutu aishike chini. Funga kamba ku tiyo, juu kuliko katikati, wa chini waikaze, ndiyo ufungue waya za kushikilia moja kwa moja. Ile ya upande wa kinyume na kule tiyo inalalia ni ya mwisho. Ishuke polepole. Hapana kutupa! Watoto wanaokota mitraye watakuwa wamekwisha kufika, wanasikiaka harufu ya aliminyumu kutoka mbali. Muwafukuze mupaka ng'ambo ya lupango.

Kama vijiti viko vifupi, antene ni ya UHF, na dekodere za TNT zinatumia antene ya namna hiyo. Kama ingali muzuri, usiiuze ku kilo. Mutu mu avenue ataitaka. Ile yenye vijiti virefu ndiyo imekwisha kazi. Na hapana kufunga parabole ku tiyo ya zamani kwa kuchunga pesa: sahani inakamata upepo kuliko vijiti.

Tundu yenye inabaki ku manjanja, izibwe siku ileile. Kipande cha manjanja, chini yake mupira wa chambre à air, musumari, na godroni ya moto juu. Chomoa na waya yote mupaka ndani, juu mvua inafuata ile waya na kuingia mu ukuta. Kazi hii ni ya kipwa. Kuanzia mwezi wa 10, mawingu yakikuwa meusi mangaribi ya Likasi, hakuna mutu wa kuwa juu ya paa na chuma mu mukono.

Kwa wazee wenye hawana kijana ku nyumba, delege wa kila kambi anaandika majina. Tuko na kamba mbili nzuri, kaske na mikaba, na siku ya Posho tunatoka kikundi. Hatuombe pesa. Aliminyumu inabaki ya mwenye nyumba, na tiyo vilevile. Mama mumoja wa Likasi aliikata mara mbili, akaisimika mu lupango, na sasa anaanikia nguo.